Shetani sio bosi wa jehanamu

Jamani hii ya kusema Shetani ndo mfalme wa jehanamu, kakaa huko na mapembe na uma anageuza watu kwenye moto, imezoeleka mpaka kwenye mahubiri ya stendi unaisikia, ila kwenye Biblia haipo. Mapembe na uma tumeletewa na wachoraji wa Ulaya ya zama za kati. Mathayo 25:41 inasema moto wa milele umeandaliwa kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake, na Ufunuo 20:10 anatupwa humo ateswe, yaani ni mfungwa sio mkuu wa gereza. Kwenye Ayubu 1:7 akiulizwa katoka wapi anajibu katoka kuzungukazunguka duniani, na Paulo anasema hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, sasa mapembe yatoke wapi?

Kinachonivutia zaidi ni Mathayo 4, Shetani anapomjaribu Yesu. Pale juu ya hekalu hatishi wala hangurumi, anatoa andiko kabisa, Zaburi 91, kwamba jirushe tu malaika watakudaka. Na andiko ni la kweli! Ila angalia alivyolikata, maneno “katika njia zako zote” ya mstari wa 11 kayaruka, halafu kaishia wa 12 wakati wa 13 unasema utamkanyaga simba na nyoka (kaka mkubwa hapo kanyamaza kimya). Yesu wala habishani sana, anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako.