Kuzalisha panya wa kufuga sio kuweka dume na jike tu

Wengi wanadhani ukiweka dume na jike keji moja basi ushakuwa mfugaji, panya si wanazaana wenyewe bwana. Kuzaana kweli wanazaana, mimba siku 21 mpaka 23 hivi, na jike akishajifungua anaweza kushika ingine ndani ya masaa 24 kama dume bado yupo, yaani ananyonyesha huku ana mimba, mwili unaisha. Na vidume usipovitoa vikifika wiki 5 vitapanda mama yao na dada zao.

Ila kazi yenyewe inaanza kabla: ujue ukoo wao, nani alikufa na uvimbe wa matiti, nani kifua kilikuwa kinakoroma, nani mng'ataji. Panya wa dukani hana hizo rekodi, hata awe mzuri vipi mi simzalishi.