Asali kuzama majini si kipimo cha usafi wake

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu husema: dondosha asali kwenye glasi ya maji, ikitua chini bila kuyeyuka ni halisi, ikiyeyuka imechakachuliwa. Si kweli. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari, na sukari huyeyuka majini. Huzama kwa kuwa uzito wake ni kama mara 1.4 ya maji ya ujazo uleule, na unato huichelewesha kuyeyuka. Ikoroge, itayeyuka.

Jaribu hivi: chemsha vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji hadi shira iwe nzito, ipoze, idondoshe. Nayo itazama vilevile! Jaribio hilo hupima uzito na unato tu, ndiyo maana linawachanganya wengi. Uchakachuaji hubainika maabara, kwa kuchunguza aina za sukari. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unamharibia soko mfugaji nyuki mwaminifu ambaye asali yake ni nyepesi.