Nguva "wa asili" si yule wa katuni

Filamu ya The Little Mermaid ya mwaka 2023, iliyoigizwa na watu, ilipotoka, wengi walilalamika kuwa imeharibu hadithi ya asili. Asili ipi? Katuni ya 1989 nayo iliazima. Hadithi yenyewe aliiandika Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, na si laini hata kidogo.

Nguva wake hana hata jina. Jina Ariel limezaliwa kwenye katuni. Mchawi hamfungii sauti ndani ya kombe, anamkata ulimi. Akishapata miguu, kila hatua ni kama kukanyaga visu. Na mwana wa mfalme? Anaoa mwingine! Dada zake nguva wanampa mchawi nywele zao ili wapate kisu, amuue bwana harusi ajiokoe. Anakitupa baharini, anageuka povu, kisha anapaa kuwa mmoja wa mabinti wa hewa. Ile harusi tuliyoizoea ni ya Hollywood.

Kwa hiyo filamu mpya inapomwacha Ariel mwenyewe aelekeze meli na kummaliza Ursula, yule mchawi, kazi ambayo kwenye katuni aliifanya Eric, mwana wa mfalme, inabadilisha kilichokwisha kubadilishwa. Mimi naiona ndefu mno, lakini hilo ni lalamiko jingine.