Saa Isiyojua Wakati

Mtu akiniletea saa ya zamani ya umeme na kulalamika kwamba inachelewa, swali langu la kwanza huwa: kwako umeme hukatika mara ngapi? Saa hizi za kuchomeka kwenye soketi hazina kitu cha kupima wakati ndani yake. Hazina pendulamu, wala springi ya kukazwa. Kuna koili (waya uliozungushwa), rota (kipande kinachozunguka) na gia, basi. Mkondo geu huenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, na rota huyafuata mapigo hayo kama mchezaji afuatavyo ngoma. Ikishindwa kufuata husimama kabisa, haijui kujikongoja. Kwa hiyo saa "inayochelewa" ama ilikatikiwa umeme, ama mshale unateleza kwenye mhimili wake, ama ilitengenezewa umeme usio wa huko iliko.

Mwenye kutunza wakati ni mtambo wa kuzalisha umeme. Mmarekani Henry Warren, aliyeanzisha kampuni ya Telechron, aligundua kwamba mota yake nzuri ya kuendeshea saa haikuwa na faida iwapo hezi za umeme, yaani idadi ya mapigo hayo kwa sekunde, zinapandashuka. Mwaka 1916 akafunga saa kuu kwenye mtambo wa umeme wa Boston. Ilikuwa na mishale miwili: mmoja ukiendeshwa na pendulamu, wa pili na umeme wenyewe. Kazi ya mwendesha mtambo ikawa kuhakikisha mishale hiyo haiachani. Kila saa iliyochomekwa kwenye umeme ule ikawa inafuata pendulamu moja.

Ukishalielewa hilo, utaacha kutafuta mahali pa kurekebishia mwendo. Ugonjwa wa saa hizi ni wa aina mbili tu: mafuta na waya.

Nianze na waya, maana ndio unaoua. Mpira wa waya wa miaka ya 1930 hukauka na kupasuka ukiukunja. Usiichomeke saa "kujaribu tu". Badilisha waya kwanza, kisha pima koili kwa mita saa ikiwa haiko kwenye umeme. Ukipata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) mia kadhaa, koili ni nzima. Mita isiposoma chochote, usikimbilie kuitupa: mara nyingi waya mwembamba kama unywele umekatika pale unapoungana na waya mnene, chini ya karatasi ya juu. Ifunue polepole, utafute ncha, uilehemu.

Mafuta ndiyo kazi tamu. Rota ya Telechron imefungwa ndani ya kikopo cha chuma pamoja na gia zake. Baada ya miongo kadhaa mafuta huganda, na saa huanza kunguruma au kugoma. Mimi hukipasha kikopo moto wa wastani, kisha nakizamisha kwenye mafuta mepesi ya mashine. Hewa ya ndani inapopoa hujikunja na kuyavuta mafuta. Moto ukizidi utaharibu kinachokiziba, kwa hiyo kikopo kiwe cha kushikika kwa kitambaa.

Uso wa saa uache. Niliwahi kuufuta mmoja kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, na tarakimu tatu zikabaki kwenye kitambaa. Na kama tarakimu au mishale ilipakwa rangi ya kung'aa gizani, usiikwangue kamwe. Huenda ni radiamu, metali yenye mionzi hatari. Rangi yenyewe huacha kung'aa, lakini nusu ya radiamu hiyo huhitaji takriban miaka 1,600 kuisha, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Kwa mkusanyaji, ninachosisitiza ni kusoma kibati cha nyuma kabla ya kulipa. Volti hurekebishwa kwa transfoma. Hezi hazirekebishwi nayo. Saa ya Marekani ya hezi 60 ukiiweka kwenye umeme wa hezi 50 itapoteza dakika 10 kila saa, na ya Uingereza ya hezi 50 kwenye umeme wa hezi 60 itakimbia dakika 12. Dawa ni rota ya hezi zinazofaa, kama ilitengenezwa, au kifaa cha kielektroniki cha kuzalisha hezi unazotaka.

Saa za betri, kama Bulle ya Ufaransa ambayo koili yake hubembea pamoja na pendulamu, ni somo jingine. Nitasema tu kwamba hutosheka na volti 1.5, na ikisimama safisha kigusio cha fedha kinachopitisha umeme kabla ya kuishuku betri.

Nikiulizwa ninayoipenda, nataja saa za Hammond za mwanzo, ambazo lazima uzungushe kitufe cha nyuma kwa mkono ndipo mota ishike mwendo. (Laurens Hammond ndiye baadaye aliyeitia mota ya namna hiyohiyo kwenye kinanda chake.) Wengi huziona usumbufu. Lakini saa inayojiwasha yenyewe, umeme ukikatika kwa nusu saa ukarudi, huendelea kuzunguka huku ikidanganya, ndiyo maana Telechron waliweka alama nyekundu usoni ya kukujulisha. Hammond husimama palepale umeme ulipokatikia, ikingoja mkono wako.