Mbwa hajui uendako

Nimeulizwa tena juzi, na mtu msomi kabisa: "Kwa hiyo wewe ndiye unayewafundisha hao mbwa wa kuongoza wasioona njia za mjini? Kipofu akisema anataka benki, mbwa anampeleka?" Swali hili nimelijibu kwenye vituo vya basi hapa Uingereza, harusini, na kwa simu zinazotoka Tanga na Mombasa. Leo naliandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Mbwa mwongozaji hajui benki ni nini. Anayejua njia ni mtu asiyeona. Ramani iko kichwani mwake: ukitoka getini shika kushoto, vuka barabara mbili, pita penye harufu ya mkate, halafu hesabu milango. Yeye ndiye anayeamuru: mbele, kushoto, kulia. Mbwa anamfikisha hadi kona inayofuata bila kugonga nguzo, bila kukanyaga shimo, bila kupigwa usoni na tawi lililoning'inia. Hilo la tawi si dogo, kwani mbwa mwenyewe anapita chini yake bila shida, lakini amefundishwa kukadiria urefu wa mtu aliye pembeni yake. Akifika ukingo wa barabara anasimama. Hapo anayeamua ni mtu.

Najua mtakachosema: mbwa wa fulani anaingia dukani mwenyewe bila kuambiwa. Kweli. Mbwa akipita njia moja kila siku ataizoea, na ataanza kukata kona kabla ya amri. Mpita njia anashangilia akili ya mbwa, huku mwenye mbwa akihangaika kumrudisha, kwa sababu leo hakuwa anakwenda dukani.

Na taa za barabarani je? Mbwa haoni tofauti ya nyekundu na kijani kama tunavyoiona sisi. Hasomi taa. Mtu asiyeona anasikiliza magari: yapi yamesimama, yapi yanaondoka, yanatoka upande gani. Hapa Uingereza vivuko vingi vina kitu kidogo chenye umbo la pia chini ya kisanduku cha kitufe, na taa ya kuvuka ikiwaka kinazunguka. Mtu anakigusa kwa vidole, anajua, anatoa amri ya mbele. Kazi ya mbwa hapo ni moja, nayo ni nzito: kukataa amri ikiwa gari linakuja. Ndiyo, anafundishwa kuasi. Magari ya umeme yasiyovuma yameufanya uasi huo kuwa wa thamani zaidi. Lakini kukataa kuingia kwenye hatari si sawa na kupanga safari.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Kwa sababu imani hiyo inamgeuza mtu kuwa mzigo. Nimewasikia watu wakiinama na kumwambia mbwa, "Mpeleke baba stesheni," na baba mwenyewe amesimama pale, masikio yake mazima. Vyuo vingi vya mbwa hawa vinataka mtu awe tayari anajua kutembea peke yake, kwa kawaida kwa fimbo nyeupe, kabla ya kukabidhiwa mbwa. Ujuzi ni wake. Mwaka 1928 Morris Frank, kijana Mmarekani asiyeona, alirudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy, akavuka barabara yenye msongamano mkubwa mjini New York mbele ya waandishi wa habari. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chuo cha The Seeing Eye kule Nashville, na Frank ni mmoja wa waanzilishi wake. Mbwa hakuanzisha chuo.

Sasa, mimi nafanya nini? Simfundishi kuongoza. Ule mkanda wenye mshikio mgumu hauvaliwi nyumbani kwangu hata siku moja. Uingereza imekuwa ikiwapeleka watoto wa mbwa kwa walezi wa kujitolea tangu 1956. Naletewa mtoto wa takriban wiki nane, mara nyingi Labrador, Golden Retriever, au mchanganyiko wa hao wawili. Chanjo, kuja kula akisikia filimbi, kujisaidia kwa amri: hayo yote yanafundishika, siyasemi sana. Kabla chanjo hazijakamilika nambeba kwenye mkoba ili asikie malori, kengele, watoto wa shule. Umri huo wa hofu kujengeka au kutojengeka haurudi.

Kazi ngumu ni kumfundisha kutofanya kitu. Alale chini ya meza mgahawani, kipande cha kuku kimedondoka karibu na pua yake, asikile. Njiwa aruke mbele yake, aangalie tu. Mtu amwite "cheche cheche" na kupiga mluzi, asigeuke. Mbwa anayevutwa na njiwa huku ameshikwa na mtu asiyeona ni hatari barabarani, kwa hiyo ukimpigia mluzi mtoto ninayemlea unaharibu kazi ya miezi. Akifikia mwaka mmoja na kitu anaondoka, na wakufunzi wenye taaluma wanaanza kumfundisha uongozaji wenyewe.

Wengi wa kwetu pwani wanauliza kwanza kuhusu najisi. Mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sibishani na hilo. Nina chumba cha kusalia ambacho mbwa haingii, na nguo za kulelea nimezitenga. Lakini sheria ya dini imeruhusu mbwa kwa haja ya kuwinda na kulinda mifugo, na kwangu haja ya mtu asiyeona kufika kazini si ndogo kuliko haja ya mchungaji. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu muumini asiyeona kuja na mbwa wake, akatengewa mahali karibu na mlango.

Kuna mambo yananisumbua. Si kila mbwa anafuzu. Mwingine alikuwa mtulivu kabisa kwangu, akafika chuoni akaogopa ngazi, akapelekwa kazi nyingine au kwenye familia. Ni kiasi gani cha kufuzu kinatokana na malezi yangu, na kiasi gani alizaliwa nacho? Sijui, na simwamini mlezi anayejua. Sijui pia mbwa anabeba nini moyoni anapobadilishiwa nyumba. Wanasema anatulia baada ya siku chache, na ninavyoona anatulia. Kutulia na kusahau si kitu kimoja.

Wengine wananisihi tuanzishe chuo Afrika Mashariki. Nasita. Barabara nyingi hazina njia ya miguu, bodaboda zinapita kila upande, mbwa wa mitaani wako wengi, na gharama za kumfundisha na kumtunza mbwa mmoja ni kubwa. Hata hapa Uingereza wanaotumia mbwa ni wachache kati ya wasioona. Fedha hiyo hiyo ikilipa walimu wa fimbo nyeupe itawafikia watu wengi zaidi. Wasioona wenyewe wakisema nimekosea, nitawasikiliza wao kabla ya mpenda mbwa yeyote.

Kwa walio huku na wanataka kujitolea: chakula na daktari vinalipiwa na shirika la mbwa waongozaji, kwa hiyo msiogope gharama. Wanachoangalia ni uwepo wako nyumbani sehemu kubwa ya siku, ua uliozungushiwa uzio, na uvumilivu wako wa kuomba ruhusa kila mlango, maana Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda mwenye mbwa mwongozaji, haimlindi mlezi wa mtoto wa mbwa. Paka si kizuizi. Kwa upande wangu ni faida, kwani mbwa aliyekua na paka ndani ya nyumba hashtuki anapomkuta barabarani.