Maria Mitchell: kabla ya kometi na baada yake

Wanaomtaja Maria Mitchell, mwanaastronomia wa Marekani, huanza na kometi (nyota yenye mkia) aliyoigundua mwaka 1847, na wengi huishia hapo hapo. Mimi, kama mwalimu wa astronomia, naamini kwamba kazi yake kubwa zaidi aliifanya baadaye, darasani, na kwamba alianza kuandaliwa kwa kazi hiyo tangu utotoni katika kisiwa cha Nantucket, Marekani, alikozaliwa mwaka 1818.

Nantucket ilikuwa bandari ya wavuvi wa nyangumi. Baba yake, William Mitchell, alizipima saa za merikebu kwa kulinganisha mwendo wake na nyota, kwa sababu nahodha asiye na saa ya kuaminika hawezi kujua yuko longitudo gani, yaani yuko umbali gani upande wa mashariki au magharibi. Februari 1831 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, Maria, akiwa na miaka 12, alihesabu sekunde huku baba yake akichungulia kwenye darubini. Hawakuwa wakimshughulisha mtoto tu. Walitaka kupata longitudo ya nyumba yao, na kwa kuwa Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kukosea sekunde 4 tu kungekisogeza kisiwa kwenye ramani kwa zaidi ya kilomita moja.

Usiku wa Oktoba 1, 1847, wakati huo akiwa mkutubi, alipanda juu ya paa la benki ambamo familia yake iliishi, akaona kwa darubini ndogo doa hafifu juu kidogo ya Nyota ya Kaskazini. Doa la namna hiyo humshtua tu mtu aliyekwisha kulizoea eneo lile la anga. Siku mbili baadaye mwanaastronomia Francesco de Vico aliiona kometi hiyo hiyo kutoka Roma, na habari zake zikatangulia kuenea Ulaya, lakini hatimaye ilithibitishwa kwamba Maria ndiye aliyetangulia, naye akapewa medali ya dhahabu ya mfalme wa Denmark.

Chuo cha wanawake cha Vassar kilipofunguliwa mwaka 1865, alikuwa miongoni mwa maprofesa wake wa kwanza, akiishi na baba yake ndani ya jengo lile lile lenye darubini ya lenzi yenye upana wa inchi 12. Alilipwa dola 800 kwa mwaka ilhali maprofesa wanaume walilipwa 2,500, dhuluma ambayo hakuinyamazia. Darasani hakupenda kuwapa wanafunzi alama. Aliwauliza kama jambo walilolisema wamelisoma kitabuni au wamelitazama wenyewe. Waliikokotoa mizunguko ya sayari na kupiga picha za madoa ya jua, na mwaka 1869 aliwapeleka Iowa, kisha mwaka 1878 akawapeleka wahitimu wake Denver, kulitazama jua likipatwa kikamilifu.

Mary Whitney, mwanafunzi wake, ndiye aliyemrithi alipostaafu mwaka 1888. Mwingine, Antonia Maury, alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard kuchambua mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, akagundua kwamba katika baadhi ya nyota mistari ya giza inayoukata mwanga huo ni myembamba na mikali kuliko kawaida, akaziweka katika kundi lake. Mkuu wake hakuuthamini mgawanyo huo, lakini yeye aliusimamia, ukachapishwa mwaka 1897, na miaka michache baadaye mwanaastronomia wa Denmark, Ejnar Hertzsprung, akaonyesha kwamba nyota hizo zenye mistari myembamba ni zile zenye mwanga mkubwa kupindukia, ambazo leo tunaziita nyota majitu.