F1b si daraja la manyoya

Kazi yangu ni kutunza manyoya ya mbwa. Jumamosi iliyopita mama mmoja, Mtanzania mwenzangu anayeishi huku magharibi mwa Melbourne, Australia, aliniletea labradudeli wake wa miezi kumi, yaani mchanganyiko wa mbwa wa aina mbili, labradori na pudeli. Kabla sijamshika mbwa akaniambia, "Dada, huyu nilimchukua kwa sababu ni F1b. Muuzaji alisema hanyonyoki manyoya na hana kazi yoyote ya kumtunza. Mbona sofa yangu imejaa?" Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, ndiyo maana leo naandika.

Nilimpandisha mbwa mezani. Kwa juu brashi iliteleza vizuri, manyoya yanang'aa. Nikachukua chanuo la chuma, nikalizamisha hadi kwenye ngozi nyuma ya sikio la kushoto. Likagoma. Kwapani likagoma. Chini ya ukanda wa shingo manyoya yalikuwa yameshikana kama mkeka, kipande kimoja chenye ukubwa wa kiganja changu, na ngozi iliyofunikwa humo ilikuwa nyekundu na yenye unyevu.

Tuanze na hiyo F. Inaeleza ukoo tu, nani kamzaa nani. Labradori na pudeli wakizaa, watoto ni F1. F1 akirudishwa kwa pudeli, yaani akizalishwa na pudeli tena, watoto ni F1b; hiyo b ndiyo ya kurudishwa. F1 wawili wakikutanishwa, unapata F2. Watu huzisoma namba hizi kama madarasa ya shule, eti kadiri inavyopanda ndivyo manyoya yanavyokuwa bora. Sivyo kabisa, na F2 ndiyo inayowaumiza wengi.

Tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa hutokana na jeni tatu: RSPO2 huleta ndevu na nyusi, FGF5 huamua urefu, KRT71 huleta mikunjo. Ndevu ndizo za kutazama kwanza, maana mbwa mwenye ndevu kwa kawaida hunyonyoka kidogo. Pudeli ana nakala mbili za jeni ya ndevu, labradori hana hata moja, na nakala moja inatosha kuotesha ndevu. Kwa hiyo kila F1 ana ndevu, lakini amebeba nakala moja tu. Ukiwakutanisha F1 wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kukosa kabisa. Huyo uso wake utakuwa mtupu kama wa labradori na atanyonyoka kama labradori, hata kama karatasi zimeandikwa F2 na bei ni ileile ya ndugu zake. F1b wa pudeli hafiki huko, maana pudeli humpa kila mtoto nakala moja. Lakini wapo wanaomrudisha F1 kwa labradori na bado wanaandika F1b! Hapo, kwa wastani, nusu ya watoto hawana ndevu. Uliza hiyo b imerudi kwa nani.

Mikunjo nayo ina njia yake. Katika F1b wa pudeli, kwa kawaida nusu ya watoto hupata nakala moja, na manyoya yao huwa ya mawimbi. Nusu hupata mbili, na yao hujikunja hasa. Hao ni ndugu wa tumbo moja, herufi moja, bei moja. Mbwa wa yule mama ni wa mawimbi. Kuhusu ukoo muuzaji alisema kweli. Kuhusu manyoya aliahidi asichoweza kukiahidi.

Nami niseme wazi: ndevu za mtoto wa wiki nane nazisoma bila shida, lakini mikunjo yake nakisia. Nimewahi kumwambia mteja atapata mawimbi, mwaka ukapita mbwa akarudi amejikunja kama mwanakondoo. Na nimewahi kuhudumia mbwa wawili wenye majibu sawa ya vipimo vya jeni hizo, mmoja akiacha manyoya mengi mezani kuliko mwenzake.

Linaloniuma zaidi ni hilo la "hana kazi". Manyoya yasiyoanguka sakafuni yanakwenda wapi? Yanabaki humohumo, yanajisokota na yaliyo hai, yanafunga fundo, fundo linavuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Umri wa miezi minane hadi kumi na miwili ndio mbaya zaidi, maana manyoya ya utotoni yanapisha ya utu uzima na vyote viwili vinakaa pamoja. Brashi ya juujuu haifiki. Gawa manyoya kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka uone ngozi, halafu pitisha chanuo, ukianza na mistari ya chini ya mwili na kupanda juu. Kila siku mbili.

Aleji ni jambo jingine tena. Kinachowasumbua watu ni protini zilizomo kwenye mate, mba na mkojo wa mbwa, na kila mbwa anazo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wally Conron, wa shirika la mbwa wanaowaongoza wasioona hapahapa jimbo la Victoria, alizalisha labradudeli kwa ajili ya mwanamke asiyeona huko Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji. Walizaliwa watatu, sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii, akafaa mmoja tu. Mama mmoja, baba mmoja, F1 wote. Kaa na mtoto uleule unayemtaka, saa nzima, zaidi ya mara moja, umwache akulambe mikono.

Afya sitairefusha: omba majibu ya vipimo vya nyonga, viwiko na macho vya wazazi wote wawili, na hapa Victoria usijibu tangazo lisilo na namba ya chipu (kidude cha utambulisho kilicho chini ya ngozi ya mbwa) na namba ya chanzo (inayoonyesha mbwa anatoka kwa nani).

Ukifika kwa muuzaji, mwombe akupe mtoto mkononi, msogeze dirishani, umtazame katikati ya macho na juu ya pua. Manyoya yakiwa yamesimama na kuanza kufunika pua, ana ndevu. Pakiwa laini kama mgongo wa kijiko, hana.

Yule wa Jumamosi ilibidi nimnyoe mwili mzima kwa mashine, karibu na ngozi. Mama alishika kichwa chake muda wote. Wanarudi baada ya wiki sita, na safari hii chanuo atalishika yeye.